Niliwapa Kuku Wadogo Chakula cha Kesho

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba unisome mpaka mwisho, maana ukikomea katikati utaniona mzee mjinga, na ukifika mwisho utaniona vilevile lakini angalau utajua ilikuwaje.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka sitini na saba, uzi natunga mwenyewe bila miwani ilimradi iwe asubuhi, na kazi yangu ya miaka yote ni sare za shule. Naishi na mke wangu pamoja na mke wa mwanangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu na huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, siku mbili tatu, anakula, analala, anaondoka, kwa hiyo mtu tunayeishi naye hasa, tunayecheka naye na kuugua mbele yake, ni huyo mkwe wetu, na barua hii ni yake yeye, kwa sababu nimemkosea na hajui.

Mkwe wangu anafanya kazi kliniki ya watoto, anapima uzito wa watoto wachanga, ndiyo maana mtaani wanamwita Mizani. Usidhani ni jina la utani tu, Mshauri. Huyu binti akipokea mtoto mikononi anakutajia kilo zake kabla hajamweka kwenye mizani, na mizani ikimpinga basi kaangalie mizani. Nimeona mafundi wa kila aina maishani mwangu, maseremala, wahunzi, wapishi wa hoteli, lakini mtu mwenye mikono inayojua kama ile sijamwona, nakwambia ukweli na wala si kwa sababu ni wetu.

Sasa miezi mitatu na nusu iliyopita alileta nyumbani vifaranga themanini wa siku moja, kuku wa mayai, ndani ya maboksi, wanalia wote kama redio iliyopoteza stesheni, nami moyoni nikasema wiki hii tutazika, maana miaka ile niliwahi kuleta ishirini na wakaniishia mmoja mmoja mpaka nikabaki na kikapu. Hakufa hata mmoja. Aliwazungushia ubao mwembamba ukawa duara, nikamuuliza kwa nini duara na nyumba ina kuta nne, akasema, "Baba, pembeni ndiko wanakorundikana na kukandamizana. Duara halina pembe." Mimi nimekata kola za mviringo miaka arobaini na sikuwahi kuwaza hilo. Kila jioni aliwashika shingoni, pale kwenye kifuko cha chakula, kwa vidole viwili tu, taratibu, akajua nani kashiba na nani kasukumwa na wenzake, na yule aliyesukumwa analishwa peke yake.

Halafu akabandika kipande cha boksi kwenye mlango wa banda, kimeandikwa kwa kalamu nene: wiki ya kwanza mpaka ya nane, chakula cha vifaranga, ya tisa mpaka ya kumi na saba, chakula cha kukuzia, cha kutagia kisubiri mpaka yai la kwanza likaribie. Chini yake kwa herufi kubwa: MSIWAHISHE. Kila Jumamosi ananing'iniza mizani ya ndoano kwenye boriti, anawapima kumi, mmoja mmoja, ndani ya mfuko niliomshonea mimi mwenyewe, una kamba ya kukaza na tundu la kutolea kichwa ili kuku asiogope. Siku ile alipouvaa mfuko mkononi kuujaribu alicheka akasema, "Baba, huu hata mtoto wa kliniki angependa," na mimi nikatembea mtaani siku mbili nimevimba kichwa.

Wiki ya nane ilipofika hakubadilisha chakula kwa siku moja. Alichanganya, vipimo vitatu vya zamani kwa kimoja kipya, baadaye nusu kwa nusu, baadaye kimoja kwa vitatu, wiki nzima. Nilimtania kwamba anawapikia wagonjwa, akasema, "Tumbo nalo lina mazoea yake, baba." Basi mimi ndiye niliyekabidhiwa mlo wa saa sita na wa saa tisa, kwa sababu yeye huondoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi. Asubuhi anawapa kidogo mwenyewe, iliyobaki ni kazi yangu, na aliniomba kwa adabu kana kwamba mimi ndiye namfanyia hisani, wakati kusema kweli nilikuwa nimechoka kukaa kwenye kibanda changu cha kushonea kusubiri mitihani iishe ili watu wakumbuke sare.

Sasa nakuja kwenye dhambi. Tuna kuku wakubwa kumi wanaotaga, na gunia lao la chakula cha kutagia hukaa stoo hiyohiyo, kando ya pipa la chakula cha kukuzia. Kwa macho yangu vyote viwili ni unga mmoja, isipokuwa cha kutagia kina vichembe vyeupe vyeupe. Na mimi kazi yangu ni nini? Mtoto wa darasa la pili humshonei nguo ya darasa la pili. Unamwachia pindo la vidole vinne chini, unamwachia mshono mpana kiunoni, unamvika mwaka ujao mapema na yeye anaufuata, na wazazi wote wa mtaa huu wamenisifu kwa hilo. Basi nikawatazama wale mitetea wa wiki kumi, wamechangamka, miguu mirefu, nikasema moyoni, mbona hawa tunawapa chakula cha leo, tuwape cha kesho wakikulie. Hakuna aliyenishauri, Mshauri, hakuna wa kumsingizia. Nilisoma lile boksi mlangoni, nikasoma MSIWAHISHE, nikacheka, nikachota kwenye gunia la kuku wakubwa. Nilitaka siku moja arudi kutoka kazini, amechoka, nimwambie fumbua mkono mama, nimwekee yai la kwanza kabla ya wakati wake, aseme baba umefanyaje.

Nilifanya hivyo wiki tatu na siku kadhaa. Kwanza wakaanza kunywa maji sana, nikasema vizuri, wanakua. Halafu kinyesi kikawa cha majimaji, cheupe kama chokaa ya ukutani. Halafu Jumamosi moja akamtia kuku mfukoni, na kabla hajautundika akasema, "Huyu hajaongezeka," akatundika, kweli hajaongezeka, na wa pili, na wa tatu. Halafu wakaanza kuchechemea. Wapo kumi na mmoja wanaochechemea mpaka leo, na watatu wamekufa, na yule wa kwanza alipokufa mkwe wangu aliingia bandani na sare yake ya kliniki, akakaa chini kwenye maranda, amempakata, anamgeuza huku na huku, na mimi nimesimama mlangoni na kopo la kuchotea mkononi.

Jumanne ya wiki iliyopita alirudi mapema. Akakwangua kihori cha chakula, chini kabisa, akakuta vile vichembe vyeupe walivyobakiza, akavisaga kwa vidole, akaniuliza, "Baba, saa sita wanakula vizuri?" Nikasema wanakula vizuri sana. Akainuka akaenda kunawa. Jioni ile gunia la kuku wakubwa akalihamishia chumbani kwake, akasema stoo ina panya, na nashukuru Mungu kwa hao panya maana tangu siku hiyo nawapa cha pipani tu, sina kingine cha kuwapa. Wiki moja kabla ya Jumanne hiyo alikuwa ameshasema kwamba gunia la wakubwa limeisha upesi mwezi huu, nikaogopa, lakini hakuendelea na hayo maneno. Hata chakula chenyewe cha pipani alikichunguza, alikinusa, akakiweka ulimini, akasema, "Chakula ni kizuri, aliyekichanganya hana kosa." Unaona moyo wake? Mwingine angeshakwenda dukani kumvunjia mwenye duka heshima.

Kinachoninyima raha ni hiki. Kinamama wa mtaa huu, thelathini na mmoja, wameunda kikundi, wanataka kufuga kuku wa mayai, na wamemchagua Mizani awe mwalimu wao. Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja uani kwetu kuona anavyofanya na kumkabidhi kazi. Siku tatu baada ya ile Jumanne, tukiwa mezani, mke wangu akamuuliza atawaambia nini kuhusu hawa wanaochechemea. Akajibu, "Nitawaambia watafute mwingine, mama. Ni mimi. Sina mkono wa kuku." Akasema hivyo huku ananipakulia mimi kwanza, kama siku zote, na mimi nikala, Mshauri, nikala chakula chote, kwa sababu nisingekula wangeniuliza nina nini.

Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo, na huwaambia watu kwamba baba anayemjua ni mimi. Nikisema, nitamtazama vipi? Nisiposema, atawaachia watu kazi ambayo hakuna mtu anaiweza kama yeye. Je, nimtume mke wangu amwambie? Au nimwandikie karatasi bila jina niiache bandani? Au ninunue mitetea wengine wazima niwaweke mahali pa wale wabovu, akija akute wamepona? Nakusoma kila wiki katika gazeti analotoka nalo kliniki wakishamaliza kulisoma kinamama kwenye benchi. Anwani ya kibanda changu ipo nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Fundi wa Sare.

*

Fundi, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, nikarudia tena, na mara ya pili nilicheka pale pa mitetea wa kubadilishwa. Mwanamke anayejua uzito wa mtoto kwa kumbeba, wewe unataka umbadilishie kuku wake asijue! Hilo liache. Karatasi isiyo na jina nayo iache, mwandiko wako ataujua, na hata asipoujua, nani mwingine anaingia bandani saa sita mchana? Na mkeo mwache apumzike, hakuchota yeye.

Mimi ni mtu wa ndoa, wakwe na mawifi. Figo za kuku sizijui, kwa hiyo barua yako nilimsomea daktari wa mifugo, nikaficha yale ya kukutambulisha, naye hakuhitaji hata nimalize. Nilipofika kwenye kinyesi cheupe akasema, "Amewapa cha kutagia." Nisikilize vizuri sasa. Chakula cha kutagia kina chokaa mara tatu au nne ya kile cha kukuzia, kwa sababu kuku anayetaga anajenga ganda la yai karibu kila siku, na chokaa yote inaishia huko. Mtetea wa wiki kumi hana ganda la kujenga. Chokaa inaingia, haina pa kwenda, inazielemea figo, ndiyo yale maji mengi, ndiyo kinyesi kile, ndiyo kuchechemea, ndiyo wale watatu. Sare kubwa inamsubiri mtoto kabatini mpaka akue, haimdhuru kitu. Chokaa haimsubiri mtu. Ulitumia akili ya kazi moja kwenye kazi nyingine, na huko kwenye kazi ya pili palikuwa na mwenye kazi, ameandika mlangoni kwa herufi kubwa, na wewe mwenyewe unakiri kwamba ulisoma ukacheka. Hapo ndipo nilipokukasirikia. Si kwa kutojua, kila mtu ana asichokijua. Kwa kucheka.

Nimekugombeza, nimemaliza. Sasa nikuambie kitu ambacho umekiandika kwa mkono wako na hukukiona.

Unasema hajui. Fundi! Mtu anayehisi gramu kwenye ule mfuko wako wa kupimia atashindwa kuona gunia limeisha kabla ya siku zake? Alikwambia limeisha upesi, akanyamaza. Kisha akakuta vichembe vyeupe kwenye kihori cha kuku wasiotakiwa kula vichembe vyeupe, akavisaga kwa vidole, akakuuliza swali moja tu, kwa upole, akakuachia mlango wazi upite. Wewe ukaufunga. Jioni ileile gunia likahama kwa ajili ya panya. Panya gani hao wa stoo yenu walioanza siku ileile alipokuta vichembe? Na kopo la kuchotea amekunyang'anya? Hajakunyang'anya. Kazi ya saa sita bado ni yako. Halafu anakwenda mezani, mbele ya mama mkwe wake, anasema "ni mimi," anakupakulia wewe kwanza.

Siwezi kukuapia, sikuwepo. Lakini nimesoma barua za watu miaka kumi na tisa, na nyingi zinazonijia ni za mkwe anayemchafua mkwe mwenzake kwa jambo la chumvi. Ya kwako ni ya binti aliyeona kosa la mzee wake, akalizuia lisiendelee siku hiyohiyo, akaokoa kuku, kisha akachukua lawama yote akaiweka begani kwake ili wewe usiaibike kwenye nyumba yako. Na yuko tayari kupoteza kile kikundi kwa ajili hiyo. Watu wa namna hii wapo, Fundi, na mmoja anaishi kwako, anakuita baba. Hukukosea kumsifu, ila hata sifa zako hazijamfikia.

Kwa hiyo swali lako limeshabadilika. Hutafuti tena namna ya kumfichulia siri. Anakusubiri wewe useme, na kila siku unayokaa kimya unamwacha abebe mzigo ambao siyo wake.

Sasa kuhusu gazeti. Umeniambia unalisoma baada ya yeye kutoka nalo kazini. Maana yake atanisoma yeye kabla yako, na sitaki ajue kwa benchi la kliniki jambo analostahili kulisikia kwa mdomo wako. Ndiyo maana jibu hili nimelituma kwanza kibandani kwako kwa mkono, Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi. Una siku tatu, Fundi, na kwa mtu anayemaliza sare mbili kwa siku moja, hizo ni nyingi. Jambo hili siyo lako peke yako, wapo wengi wenye magunia mawili stoo moja, ndiyo maana nalichapa.

Mambo ya bandani ni haya, nimeyaandika kama daktari alivyoniambia. Cha kutagia kisiguse mitetea tena. Kawaida chakula hubadilishwa polepole, kama mkweo alivyofanya, lakini kinachodhuru huondolewa palepale, na hilo mkweo amelifanya bila kumuuliza mtu. Maji safi yasikauke mchana kutwa, ongeza vyombo, maana figo zinajisafisha kwa maji. Wale kumi na mmoja watengwe, chakula na maji viwe karibu na midomo yao wasitembezwe. Akifa mwingine, asizikwe, apelekwe kwa daktari apasuliwe, atazame figo, ili asiwe anakisia. Na mjue kabisa kwamba baadhi yao wanaweza kuonekana wamepona kisha wakasumbuka wakianza kutaga, hilo msifichane.

Waliobaki waendelee na cha kukuzia mpaka wiki ya kumi na saba au kumi na nane, na hata hapo msifuate kalenda peke yake. Watazameni vichwani, ule upanga wa nyama ukianza kuwa mwekundu na mmoja akianza kuchungulia viota, hapo ndipo cha kutagia kinaanza kuchanganywa kidogo kidogo, wiki nzima, kama mkweo alivyofanya wiki ya nane. Na kwa wasomaji wangu wengine wenye kuku wakubwa na wadogo kwenye banda moja na hawawezi kuwatenganisha: wapeni wote cha kukuzia, kisha wekeni maganda yaliyosagwa kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga atayafuata mwenyewe, asiyetaga atayapita. Chakula cha kuku wa nyama nacho si cha mitetea, kinawanenepesha bure. Kunenepa haraka si kutaga haraka.

Nirudi kwako. Utamwambia leo, akirudi kazini, ameshavua sare na kunywa maji, siyo mlangoni. Utamwambia ukiwa bandani, kwa sababu ndipo mlipofanyia kazi pamoja, na kwa sababu huko hakuna anayepakua chakula ukajificha nyuma ya sahani. Maneno ni machache: "Mwanangu, ni mimi. Niliwapa cha kutagia wiki tatu. Uliandika nisiwahishe, nikasoma, nikawahisha." Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze neno "lakini." Usimwambie ulitaka kumfurahisha, hilo atalijua mwenyewe, na akilijua mwenyewe litamfurahisha zaidi. Akilia, mwache alie. Akisema "nilijua, baba," usimuulize tangu lini.

Halafu umwombe ruhusa ya jambo moja. Jumamosi kinamama wakishakaa, kabla yeye hajafungua kinywa kuwaambia watafute mwingine, usimame wewe. Ndiyo, wewe, mzee wa miaka sitini na saba, mbele ya wanawake thelathini na mmoja ambao nusu yao umewashonea watoto wao. Uwaonyeshe wale wanaochechemea, useme nilifanya hivi nikapata hivi. Somo zuri kuliko hilo hakuna mwalimu atakayewapa, na hawatalisahau. Wapo watakaocheka. Cheka nao. Aibu yako itaisha Jumamosi hiyohiyo jioni, lakini jina la mkweo likishaanguka mbele ya watu thelathini na mmoja litachukua miaka kuinuka, na utakuwa unalitazama kila siku saa kumi likirudi kutoka kazini. Akikukatalia kusimama, basi umsindikize tu, ukae mstari wa mbele, na asithubutu kusema hana mkono wa kuku, maana hapo utasimama bila ruhusa na mimi nimekuruhusu.

Na wewe binti, kwa kuwa Alhamisi utakuwa umelishika gazeti hili kabla yake: kama ameshasema, msamehe polepole, una haki ya kununa hata wiki nzima, usijifanye malaika. Kama hajasema, mwekee gazeti mezani ukurasa huu ukiwa juu, kisha nenda kawapime kuku wako. Kazi ya kulinda heshima yake umeifanya inatosha. Kikundi usikiache.

Fundi, limebaki moja, na ni dogo kuliko yote. Ukishamaliza kusema, na yeye akishamaliza kusema au kunyamaza, itakuwa bado kuna kuku sabini na saba wanaowatazama na hawajala. Chukua kopo, mgeukie, umuulize, "Leo wanakula nini?" Akikujibu, wape hicho.